Patrick Putnam, Mmarekani aliyefungua nyumba ya wageni katikati ya msitu wa Ituri

Msafiri anayetoka Mambasa kwa barabara ya kitaifa namba 4, akielekea Nia-Nia na Kisangani, hufika Epulu baada ya kilometa kama 70 za msitu. Hapo barabara inavuka mto wenye mawe na maji meusi, unaobeba jina hilohilo la Epulu. Leo mtu akitaja Epulu, wengi wanafikiri okapi mara moja. Lakini kabla ya okapi kuipa sifa, na miaka mingi kabla ya hifadhi kuanzishwa, wageni kutoka Ulaya na Marekani walikuwa wakija hapo kwa sababu ya nyumba moja ya udongo na majani iliyojengwa kando ya mto. Waliiita Camp Putnam, kwa jina la mwenyewe: Patrick Tracy Lowell Putnam.

Putnam alizaliwa mwaka 1904 mjini New York. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji, na ukoo wao ulikuwa miongoni mwa koo za zamani na zenye mali za kaskazini-mashariki ya Marekani. Kijana wa nyumba kama ile alitazamiwa asome, arudi mjini, ashike kazi ya heshima na kuoa mtoto wa rafiki wa baba. Masomo aliyamaliza, katika chuo kikuu cha Harvard. Mambo mengine yote yalikwenda njia nyingine.

Alifika Kongo mwaka 1927 kwa kazi ya elimu ya watu na mila zao, akiwa bado na uhusiano na Harvard. Ilikuwa desturi ya wasomi wa wakati ule kuja kwa miezi michache, kupima watu urefu na vichwa, kukusanya mikuki na ngoma, kisha kurudi kwao kuandika. Putnam alipaswa kufanya hivyo. Lakini muda si mrefu baada ya kufika, tembo alimpiga kwa pembe na kumjeruhi vibaya. Wenyeji ndio waliomwokoa na kumuuguza. Katika miaka hiyo aliishi na mwanamke Mwafrika aitwaye Abanzima, na kwa kukaa vijijini alijifunza Kingwana, Kiswahili chetu cha upande huu, mpaka akakizoea. Tangu hapo Marekani ikawa kwake mahali pa kwenda kutembelea.

Kukaa, hata hivyo, kulihitaji kibali na mshahara. Serikali ya Wabelgiji haikupenda kuona mzungu akizunguka vijijini bila kazi inayojulikana, tena akiishi wazi na wanawake Waafrika. Wazungu wengi wa koloni walikuwa na wanawake wa namna hiyo lakini walificha. Putnam hakuficha, na hilo lilimharibia jina kwa maofisa. Njia aliyoipata ni kazi ya afya. Aliingia katika huduma ya Msalaba Mwekundu kama mganga msaidizi, yule ambaye wakati wa Wabelgiji aliitwa ajenti saniteri, akawekwa Penge, kituo kidogo kwenye mto Ituri. Huko alitibu buba, malaria, vidonda na ukoma. Huko pia ndiko alikokutana kwa karibu na Bambuti, watu wa msituni ambao baadaye jina lake lingeambatana na lao.

Nyumba kando ya mto

Mwaka 1933 alirudi kutoka Marekani akiwa na mke, Mary Linder, na wakaanza kujenga Epulu. Serikali ilimpa kiwanja kando ya mto kwa masharti: atahudumia wagonjwa wa eneo, na kwa upande mwingine atapokea wasafiri. Barabara ya magari kutoka Irumu kwenda Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ilikuwa ndiyo inafunguka, na katika urefu ule wote wa msitu hapakuwa na mahali pengi pa kulala. Kwa hiyo hesabu ya Putnam haikuwa mbaya. Fedha za wageni zingelipa dawa, dawa zingemletea kibali cha kukaa, na kukaa kungemwezesha kuendelea kuwachunguza Bambuti kwa utulivu, miaka kwa miaka.

Nyumba kubwa ilijengwa jinsi watu wa pale wanavyojenga: miti, fito, udongo, na paa la majani. Ukubwa tu ndio ulizidi. Kulikuwa na barza pana inayotazama mto, mahali pa kulia chakula, na vyumba vya wageni. Nyuma na pembeni vikaota vibanda vya wafanyakazi, zahanati, na baadaye makao ya wagonjwa wa ukoma. Kwa sababu kulikuwa na kazi, dawa na chumvi, watu walikuja kujenga jirani: Bandaka, Babila, na wengine waliotoka mbali zaidi, kila mmoja na lugha yake, wote wakielewana kwa Kingwana. Mpishi, muuguzi, kapita, wachota maji, wapasua kuni. Katika miaka michache pale palipokuwa kichaka pakawa kijiji, na mzungu wake akawa kama chifu.

Neno chifu si la kupamba habari. Putnam aliamua kesi, alipokea malalamiko ya mahari, alisuluhisha ugomvi kati ya wanakijiji na Bambuti juu ya nyama na ndizi. Alioa pia wanawake wa pale kwa desturi ya pale, zaidi ya mmoja, hata wakati alipokuwa na mke Mmarekani nyumbani. Kwake yeye, mtu anayetaka kuishi na watu hawezi kuchagua mila anazozipenda na kuziacha nyingine. Wake zake wa Kimarekani hawakuona hivyo daima, na wanawake wa Kiafrika waliopita katika nyumba ile hawakupata nafasi ya kuandika waliona vipi. Hapo habari ya Putnam ina tundu kubwa, na hakuna kitabu kilichoweza kuliziba.

Mary hakudumu. Mwaka 1937, wakiwa Marekani, aliugua mapafu akafa. Putnam alirudi Epulu, na baadaye akaoa mwanamke mwingine, Emilie Baca, wa New Mexico. Ndoa hiyo nayo ilivunjika. Ikaja vita kuu ya pili, wasafiri wakakauka, na nyumba ya udongo isiyotunzwa katika mvua za Ituri haihitaji miaka mingi kuanguka.

Njia za Bambuti

Wageni waliofika Epulu katika miaka mizuri hawakuja kwa ajili ya vitanda. Walikuja kuona msitu, na msitu hauonekani kutoka barabarani. Ukisimama njiani unaona ukuta wa majani tu. Ili kuingia ndani ni lazima ufuate njia ya miguu, na wenye njia walikuwa Bambuti.

Njia hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni njia za familia zinazohama kutoka kambi moja ya uwindaji hadi nyingine. Asubuhi mtu mmoja mzima hutangulia na kaa la moto lililofungwa katika majani. Wanaume hufuata na nyavu begani, wanawake wamebeba vikapu vilivyofungwa kwa kamba kwenye paji la uso, watoto wachanga ubavuni, na watoto wakubwa kidogo wanakimbia mbele na nyuma wakichuma uyoga na matunda. Penye njia panda, waliotangulia huacha alama: jani lililolazwa chini au kijiti kilichovunjwa, ili walio nyuma wasipotee. Mgeni wa Putnam aliyezoea viatu na ramani aliwekwa katikati ya msafara, na mara nyingi ndiye aliyewachelewesha wengine. Kuvuka kijito juu ya gogo lililoloa, kupita juu ya siafu bila kusimama, kuinama chini ya kamba za msitu, hayo mtoto wa miaka mitano aliyafanya huku akiimba.

Baada ya mwendo msitu hubadilika. Karibu na barabara kuna vichaka vizito vya mashamba ya zamani. Ndani zaidi inaanza miti mikubwa ya mbau, ambayo kivuli chake hakiruhusu mengi kuota chini, na hapo mtu anatembea kwa nafasi kama ndani ya nyumba kubwa. Kambini wanawake hujenga vibanda kwa saa chache: fito changa zinapindwa, kisha majani ya mongongo yanapangwa kama vigae kuanzia chini kwenda juu. Mvua inayeyuka juu yake bila kuingia.

Siku ya uwindaji, nyavu zilizosokotwa kwa nyuzi za kusa huunganishwa na kutandazwa katika nusu duara. Wanaume hukaa kimya nyuma ya nyavu. Wanawake na watoto huingia upande wa pili, wakipiga kelele na kupiga vichaka, wakiwasukuma mboloko na wanyama wengine wadogo kuelekea wavuni. Ni kazi ya familia nzima. Bila wanawake na watoto hakuna uwindaji wa nyavu. Hilo Putnam alilielewa mapema kuliko wasomi wengi waliodhani uwindaji ni jambo la wanaume na mikuki.

Alielewa pia mapatano kati ya msitu na kijiji. Bambuti walileta nyama na asali, wakapewa makemba, mihogo, chumvi, tumbaku na vyuma. Wanakijiji walisema Bambuti ni wao, kila familia na wake. Bambuti kwa upande wao walisikiliza, wakala ndizi, kisha walipochoka waliondoka usiku kurudi msituni, mahali ambapo hakuna mwanakijiji aliyependa kuwafuata. Putnam aliishi katikati ya mapatano hayo na kuyatumia. Bambuti walicheza ngoma kwa wageni wake, waliwaongoza njiani, na kulipwa. Mtu anaweza kuuliza ni nani aliyepata zaidi katika biashara hiyo, na jibu si gumu. Lakini hawakuwa wamefungwa, na siku ambazo hawakutaka kuonyeshwa kwa mtu, kambi iliamka tupu.

Jambo la ajabu ni kwamba mtu huyu aliyekaa na Bambuti kwa muda mrefu kuliko karibu kila msomi wa wakati wake hakuandika. Marafiki zake wa Harvard walimsihi. Walipokea barua na ahadi. Hatimaye mwaka 1948 insha yake moja juu ya Bambuti wa Ituri ilitoka katika kitabu kilichokusanywa na Carleton Coon, profesa wa elimu ya watu, na insha hiyo ilisomwa na kutegemewa kwa miaka mingi. Ni kidogo sana kwa mtu aliyekaa miaka 20. Wagonjwa asubuhi, kesi mchana, wageni jioni: nyumba aliyoijenga ili impe nafasi ya kuchunguza ndiyo iliyomnyima nafasi ya kuandika.

Madami

Baada ya vita Putnam alirudi na Anne Eisner, mchoraji wa New York aliyezaliwa mwaka 1911. Waliikuta kambi imechoka, wakaisimamisha upya. Walioana mwaka 1948. Watu wa Epulu walimwita Anne Madami, na jina hilo ndilo lililokuja kuwa jina la kitabu chake kilichotoka mwaka 1954.

Anne ndiye aliyeishika nyumba katika miaka ya mwisho. Alipanga chakula cha wageni katika mahali ambapo unga na sukari vilitoka mbali kwa lori. Aliwalea watoto wachanga wa Bambuti waliofiwa na mama zao, jambo lililomfungulia milango ya wanawake wa kambini ambayo mumewe asingeweza kuifungua. Alichora msitu, mto na watu. Alikaa pia na kuandika hadithi za Bambuti, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa nyingi. Kwa maneno mengine, kazi ambayo Patrick aliiahirisha, yeye aliifanya pembeni ya jiko.

Mwaka 1951 walifika vijana wawili kwa safari ya pikipiki, mmoja Mwingereza aitwaye Colin Turnbull, mwingine Mmarekani, Newton Beal. Walikuja kama wapitaji wengine. Putnam aliwapa kazi, akawapeleka kwa Bambuti. Turnbull alirudi mwaka 1954, akarudi tena mwaka 1957, na kitabu chake juu ya Bambuti wa Epulu, kilichotoka mwaka 1961, kilisomwa dunia nzima na kufundishwa vyuoni. Bila barza ya Putnam huenda pikipiki ile ingepita moja kwa moja hadi Stanleyville.

Lakini Putnam ambaye Turnbull alimkuta hakuwa tena yule wa 1933. Mapafu yake yalikuwa yameharibika. Alishindwa kutembea mbali, akawa anabebwa kwa kipoyi, yeye aliyekuwa akifuata nyavu siku nzima. Ugonjwa ulimbadilisha tabia. Alikuwa mwenye hasira, mkali kwa wafanyakazi, mkali kwa mke wake, mwenye kushuku watu waliomtumikia miaka mingi. Waliokuwa wakija kwake kutafuta haki sasa walimkwepa. Wengine waliondoka. Kijiji kilichosimama juu ya mtu mmoja kilianza kutikisika wakati mtu huyo alipotikisika, na hapakuwa na mwenzake aliyeandaliwa kukishika: si Mwafrika, kwa sababu koloni haikukubali jambo kama hilo na Putnam mwenyewe hakulifikiria, wala si mzungu, kwa sababu hakuwahi kumwamini mzungu mwingine kiasi hicho.

Alifariki Desemba 1953, akiwa na umri wa miaka 49. Anne alikaa mpaka mwaka uliofuata, kisha akaondoka. Alirudi mwaka 1957 kwa kipindi kifupi, akaikuta sehemu kubwa ya kambi imeliwa na mchwa na vichaka. Alifariki mwaka 1967. Nguo za gome la mti zilizochorwa na wanawake wa Bambuti, ambazo alizikusanya, zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la New York.

Baada yake

Epulu yenyewe haikufa na Putnam. Tayari wakati wa uhai wake, serikali ilikuwa imeweka pale kituo cha kukamata okapi, kikiongozwa na Mreno Jean de Medina. Okapi ni mnyama ambaye wasomi wa Ulaya hawakumtambua mpaka mwaka 1901, ingawa Bambuti walikuwa wakimwinda tangu zamani za mababu. Hapo Epulu walimkamata kwa mashimo yaliyofunikwa kwa majani, na Bambuti ndio waliojua mahali pa kuyachimba, kwa kuwa okapi hurudia njia zake. Kutoka pale okapi walipelekwa katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani, na wasafiri waliokuwa wakisimama kwa Putnam wakaanza kusimama kwa ajili ya mnyama huyo.

Vita vya Wasimba vya 1964 viliharibu kituo. Kiliinuka tena katika miaka ya 1980, na mwaka 1992 ikaundwa Hifadhi ya Okapi, yenye ukubwa wa kilometa za mraba zaidi ya 13.000. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka mmoja tu baadaye ikaihamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya vita. Tarehe 24 Juni 2012 wapiganaji wa Mai-Mai wa Morgan waliingia Epulu, wakaua watu, wakiwemo walinzi wa hifadhi, wakachoma majengo, na kupora. Okapi 14 waliofugwa kituoni waliangamia wote. Watu wa Epulu walikimbilia msituni.

Sheria ya hifadhi inawaruhusu Bambuti kuendelea kuwinda kwa nyavu kwa ajili ya chakula chao katika sehemu zilizotengwa. Inayokatazwa ni nyama ya kuuza. Wachimba dhahabu wanaoingia kwa wingi, na nyama inayohitajika kuwalisha, vinaifanya sheria hiyo kuwa ngumu kulinda. Mahali pa nyumba kubwa ya udongo, msitu umerudi. Msimu wa asali ukifika, familia bado zinatoka karibu na barabara asubuhi na mapema, kaa la moto likiwa mbele katika majani, na watoto wakikimbia kutangulia.